Kipande cha Waya

Huruma, Eldoret
Jumatatu, 3 Juni 2024

Kwa ndugu yangu Cyril,

Pokea salamu zangu na za Mama. Sisi tuko, tunapumua, isipokuwa Mama na goti lake, ambalo tangu mvua ianze haliishi maneno. Wewe je? Kile kikohozi nilichokuacha nacho mwezi wa nne kimeondoka? Na ile sweta ya kijivu walikupa, au ilipata mwenyewe langoni?

Nakuandikia kwa sababu simu yenu ya dakika tano haitoshi kwa jambo hili. Kila tukianza kuongea nasikia watu wa foleni nyuma yako wakilalamika.

Kibanda bado kiko wazi. Ulipofungwa, majirani walidhani nitakigeuza kiwe cha mboga. Sikukigeuza. Pasi, redio, jiko za koili, hizo zote nazitengeneza vile ulivyonifundisha, na wateja wanarudi. Lakini wiki jana nimeletewa kitu ambacho mimi na wewe hatukuwahi kukimaliza pamoja. Fatuma, yule mama wa duka la vitambaa kule mjini, ameniletea maikrowevu. Ni ya kuzungusha, si ya kubonyeza. Mume wake amepooza upande mmoja tangu mwaka jana, naye huitumia kumpashia uji kabla hajaenda dukani.

Ugonjwa wake ni huu. Ukifunga mlango na kuzungusha saa, kimya. Ukiukandamiza mlango kwa mkono, upande wa kulia, inaanza kunguruma. Ukiachilia, inanyamaza. Fatuma amekuwa akiisukuma kwa kiwiko. Wiki mbili zilizopita aliufunga mlango kwa mpira wa tairi la baiskeli, na ndipo binti yake Hodan akamwambia, "Mama, peleka hiyo kitu kwa fundi kabla ituue."

Nianzie wapi? Sijaifungua. Nakusubiri.

Dadako,
Apondi

---

Gerezani
Jumapili, 16 Juni 2024

Dada yangu Apondi,

Barua yako ilinifikia Jumatano nikiwa shambani, nikaisoma nikiwa nimeegemea jembe. Kikohozi kimepona. Sweta ninayo, ndiyo nimevaa sasa hivi. Msalimie Mama, umwambie nalala vizuri, hata kama si kila siku.

Nimefurahi kwamba hukukimbilia bisibisi. Maikrowevu unaianza kwa macho na masikio.

Tazama mlango wake. Una ndoano mbili za plastiki, moja juu, moja chini. Ukifunga, zinaingia kwenye matundu na kusukuma swichi zilizo ndani. Swichi ni tatu. Mbili za kwanza ni za kuruhusu, na zote zisipokubali, mashine haiwaki. Ya tatu ni mlinzi. Kazi yake ni moja tu: ikiona mlango umefunguliwa na swichi ya kwanza bado inapitisha stima, inachoma fyuzi makusudi, ili ife mashine badala ya mtu.

Basi fanya hivi, ikiwa imechomolewa. Shika kila ndoano uitikise. Isilegee, na ukiisukuma irudi yenyewe kwa springi. Halafu fungua mlango nusu, uuinue kidogo kwa chini. Mlango ukicheza, bawaba zimechoka, na ndoano zinafika chini ya matundu. Baada ya hapo funga polepole ukiwa umetega sikio. Utasikia tik, halafu tik nyingine karibu sana. Niambie unasikia ngapi, na lini.

Ukilazimika kufungua kifuniko, kumbuka ile kapasita. Hata kama umeichomoa mashine ukutani, ile kitu inaweka moto ndani yake kama mtu anayeweka kinyongo. Nilikuonyesha namna ya kuimaliza nguvu. Kama umesahau hata hatua moja, acha, usibahatishe. Mwite mtu anayejua.

Mteja atakuharakisha. Mwache akuharakishe.

Nduguyo,
Cyril

---

Huruma
Jumapili, 7 Julai 2024

Kaka Cyril,

Habari za huko? Huku baridi imeingia, asubuhi nafungua kibanda huku vidole havinisikii. Mama anakusalimu sana. Tena ana furaha, maana rufaa yako imepewa tarehe: tarehe kumi na nne Oktoba. Tangu aambiwe anafunga kila Ijumaa. Amewaandikisha wamama wote wa jumuiya wakuombee.

Sasa maikrowevu. Bawaba ni nzima, mlango hauchezi. Ndoano zote mbili ziko imara na springi inavuta. Lakini nilipofunga nimetega sikio, nilisikia tik moja tu. Ya pili ilikuja nilipokandamiza kwa mkono. Nikajua ugonjwa hauko mlangoni, uko kwenye fremu. Nilifanya yote ya kapasita, hatua kwa hatua, kisha nikafungua. Kile kibao cheusi kinachoshikilia swichi kimepasuka pale kwenye skrubu ya chini. Kimeinama kidogo, labda upana wa ukucha, kwa hiyo ndoano ya chini ikiingia haifikii swichi yake sawasawa.

Nilikikaza nikidhani nimemaliza. Nikarudisha kifuniko, nikaweka glasi ya maji ndani, ikawaka. Nilipofungua mlango, pah! Fyuzi. Nikaweka nyingine. Ikapika vizuri, na nilipofungua mlango, pah tena.

Kimeli wa kibanda cha jirani alikuja akacheka. "Apondi, unajisumbua. Ruka hizo swichi na kipande cha waya, ng'oa ile ya tatu, mama apashe uji wake aende. Kila fundi anafanya hivyo." Fatuma anapita kila siku jioni kuuliza, na simlaumu, mgonjwa wake anakula baridi. Kwa hiyo niambie tu, ni waya gani na gani niunganishe? Nifanye hivyo kwa muda mpaka nipate kibao.

Jambo lingine. Jumanne nilimwona yule Wamucii mjini, mkono wake ameuficha ndani ya leso. Niligeuza uso. Nikikumbuka kwamba alichokonoa mashine ya watu kwa kisu, akajichoma, halafu wewe ndiye ukapewa miezi kumi na minane, moyo unanichemka. Siku ile kwenye veranda ya korti nilimwambia, "Umejichoma kwa kiherehere chako, na Mungu anaona." Sijawahi kujuta.

Dadako,
Apondi

---

Gerezani
Jumapili, 21 Julai 2024

Apondi,

Salamu kwako na kwa Mama. Leo sitauliza mengi. Barua hii haijapita kwa afande anayesoma barua tunazotuma nje. Nimempa Murunga, tunayelala naye chumba kimoja. Anaachiliwa kesho na ameapa ataileta mkononi mwako.

Usiunganishe. Kama tayari umeunganisha, nenda uung'oe waya kwanza, ndipo urudi usome.

Nilipofika kwenye jina la Wamucii niliikunja barua yako. Nimekaa nayo mfukoni siku nne. Apondi, yule msichana hakuchokonoa kitu. Hakukuwa na kisu. Ni mimi.

Siku ile nilipoitwa hotelini kule Burnt Forest ilikuwa siku ya soko. Hoteli ilikuwa imejaa mpaka watu wanakula wamesimama. Ndoano ya juu ya maikrowevu yao ilikuwa imevunjika. Kupata nyingine ilinibidi nirudi Eldoret, na mwenye hoteli alikuwa amesimama juu ya kichwa changu: "Fundi, watu wanangoja chakula." Nilikata kipande cha waya, urefu wa kidole. Nikaziruka swichi mbili, nikaing'oa ya tatu isichome fyuzi. Dakika kumi. Nilipokuwa nafunga begi nikamwambia, "Wazime kwanza ndipo wafungue." Sina hakika alinisikia. Kwa wapishi sikusema neno.

Siku ya tatu Wamucii alifungua mlango akaingiza mkono kutoa bakuli la maharagwe. Mashine ilikuwa bado inapika. Moto ule hauna mwanga wala moshi, Apondi. Unaanza ndani ya nyama. Ngozi inapokuambia, umeshachelewa.

Kortini nilikuwa nimejiandaa kusema ni mimi. Hakimu akauliza nani aliyegusa swichi. Nikageuka nyuma nikamwona Mama amekumbatia mkoba wake, na wewe umemshika bega. Nikasema niliiacha mashine ikiwa nzima, labda msichana aliichokonoa kwa kisu. Hilo neno kisu sijui lilitoka wapi. Lilitoka tu, na likishatoka lina miguu. Hakimu hakuniamini. Ninyi ndio mliniamini.

Na rufaa yote imesimama juu ya kisu hicho. Nimeiacha iendelee. Mama anaitegemea, na mimi naogopa.

Kuhusu kazi yako: ile swichi ya kwanza imegandana ndani. Mlango unafunguliwa, yenyewe bado inapitisha stima, na mlinzi anafanya kazi yake. Tafuta maikrowevu iliyokufa ya aina hiyo, utoe kibao kizima. Swichi ya kwanza weka mpya. Ya tatu pia weka mpya, maana imeshabeba mshtuko mara mbili. Ukimaliza, weka glasi ya maji, washa, fungua mlango ikiwa inapika. Inyamaze. Rudia mara ishirini. Hata ikiwa ni hiyo ya ishirini tu isiyonyamaza, usimrudishie.

Sijui niseme nini kingine.

Cyril

---

Gerezani
Jumapili, 25 Agosti 2024

Dada yangu,

Natumai mko salama. Siku ya wageni imepita, nilikaa upande wa dirisha mpaka wakafunga lango. Nikafikiri labda goti la Mama, labda nauli, labda Murunga hakufika. Kisha nikafikiri kwamba alifika.

Sikuombi ujibu yale. Niambie tu kama hukuunganisha ule waya.

Nduguyo,
Cyril

---

Huruma
Jumapili, 8 Septemba 2024

Cyril,

Salamu. Mama ni mzima. Mimi pia ni mzima, kwa mwili.

Murunga alifika, siku ileile aliyoachiliwa, na viatu vyake vimejaa tope. Alinipa barua, akakataa hata chai. Nadhani alijua yaliyomo ndani. Niliisoma nikiwa kibandani, na Kimeli alikuwa anapiga hadithi pembeni, na kwa muda sikusikia sauti yake ingawa mdomo ulikuwa unacheza.

Sikuunganisha. Nilikuwa nimeshakata waya. Ulikuwa kwenye meza, nimeumenya ncha zote mbili.

Nilikukasirikia, na bado. Si kwa sababu ulikosea. Mafundi hukosea. Ni kwa sababu ulinipa maneno nikayabeba mpaka kwenye uso wa mtu mwenye bandeji, nikayatema pale nikidhani nina haki. Yale maneno ni yangu sasa, hata ukiyachukua hayatoki.

Nilimaliza kwanza kazi ya Fatuma, maana sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Nilizunguka kwa wauza vyuma kuukuu siku mbili mpaka nikapata maikrowevu iliyoungua upande mmoja, kibao chake kikiwa kizima. Nikaweka swichi mpya mbili. Nikafungua mlango mara ishirini ikipika, halafu mara ishirini tena. Ilinyamaza kila mara. Fatuma alipokuja nikamwonyesha, nikamwambia kwa nini nilimchelewesha. Aliangalia mlango, akasema, "Kumbe nilikuwa nasukuma kifo kwa kiwiko." Alilipa, akaenda zake akiwa amekumbatia mashine kama mtoto.

Kesho yake nikaenda Burnt Forest.

Wamucii anakaa kwa shangazi yake, nyuma ya soko la viazi. Nilimkuta nje akimenya viazi kwa mkono wa kushoto, kiazi amekibana kwenye goti. Alinitambua kabla sijasalimia.

"Wewe ni dada ya fundi," akasema.

"Ndiyo. Nimekuja kukuambia kitu."

"Umekuja kuniambia kwamba sikuwa na kisu?"

Akaendelea kumenya. "Hilo nalijua. Mimi ndiye niliyekuwepo."

Nikamwambia ninasikitika kwa yale ya korti. Akaniuliza ni yapi, maana siku ile aliambiwa mengi na wengi. Ilinibidi niyaseme tena, Cyril, neno kwa neno, mbele yake, na shangazi yake amesimama mlangoni na ungo. Nilipomaliza, Wamucii aliniwekea kigoda. Hakusema amenisamehe. Alisema tu, "Kaa, umetoka mbali."

Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjuki. Lakini hakuzungumza kuhusu mkono. Alisema ameomba kazi hoteli nne, na katika zote wanamuuliza, "Si wewe ndiye uliyechokonoa mashine ya watu?" Yule mwenye hoteli amelishika neno lako, analirudia kwa kila mtu, maana linamfaa. Wamucii akaniambia, "Mkono ninao mwingine. Jina sina lingine."

Nikamuuliza anataka nini. Akafikiri, akasema: "Aandike. Aseme ni yeye, na aweke sahihi. Mimi nikisema, ni mimi tu nasema."

Mama sijamwambia. Nimeshindwa. Jana amerudi kutoka kanisani akiimba.

Siwezi kukuamuru. Kifungo ni chako, si mimi ninayelala kwenye sakafu hiyo. Lakini tarehe kumi na nne ukisimama mbele ya jaji na kile kisu, utasimama bila mimi. Sitakuja kumshika Mama bega mara ya pili.

Apondi

---

Gerezani
Jumapili, 22 Septemba 2024

Dada yangu Apondi,

Salamu kwako, kwa Mama, na kwa Fatuma na mgonjwa wake. Hii imepita kwa afande. Ameisoma yote, pamoja na karatasi iliyo ndani.

Rufaa nimeiondoa. Nilienda ofisini Alhamisi nikaomba fomu. Afande akaniambia, "Kijana, zimebaki wiki tatu tu rufaa isikilizwe, jaribu bahati yako." Nikamwambia bahati hiyo ni ya mtu mwingine. Akaniangalia, akanipa kalamu.

Karatasi ya pili ni ya Wamucii. Niliiandika mara tano. Mara nne za kwanza nilikuta nimeeleza soko lilivyojaa, mwenye hoteli alivyonisimamia, ndoano ilivyokuwa haipatikani. Zote nilizichana. Hii ya tano ina mistari sita. Inasema nilichofanya na swichi, kwamba neno la kuzima kwanza nilimwambia mwenye hoteli tu na hakuna mpishi aliyeambiwa, na kwamba niliposema kisu kortini nilisema uongo. Nimeweka sahihi na alama ya kidole. Ofisa wa ustawi ameshuhudia na kupiga muhuri. Kama kuna njia ya kuifikisha kwa hakimu, nimemwomba anisaidie.

Mama nimemwandikia barua yake. Iko humo, imefungwa. Usimsomee. Mpe asome mwenyewe, halafu ukae naye karibu.

Uliposema ulikuwa umeshaumenya ule waya, nililala macho wazi. Mimi ndiye niliyekufundisha kumenya waya.

Nduguyo,
Cyril

---

Huruma
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Kaka Cyril,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba mvua ya huko si kama ya huku. Jana ilinyesha mawe, mabati ya Kimeli yametobolewa kama chujio.

Nilipeleka karatasi yako Burnt Forest siku ya soko. Nilidhani Wamucii angeisomea ndani. Alivaa viatu, akasema, "Twende nayo pale." Tulienda hotelini saa ya chakula cha mchana. Mwenye hoteli akaja mbio akifuta mikono: "Hapana, hapana, mambo ya korti yaliisha." Wamucii alinipa karatasi, akasimama kando yangu, akanikodolea macho mpaka nikaanza kusoma.

Nilisoma ile mistari sita. Sauti yangu ilikuwa mbaya, nilisita mara mbili. Watu waliacha kutafuna. Nilipofika pale kwenye uongo wa kisu, mpishi mmoja mzee, Ciku, alitoka jikoni na mwiko mkononi akasema, "Si niliwaambia? Visu vya jikoni hii nahesabu mimi." Mwenye hoteli akasema kwamba yeye alirudia tu kile fundi alichosema. Ciku akamuuliza, "Na fundi alipokuambia wazime kwanza, hilo mbona hukulirudia kwetu?" Yule mtu akaangalia sakafu. Kwa hiyo alikusikia, Cyril. Sasa tunajua.

Usidhani watu walipiga makofi. Walirudi kula. Lakini tulipotoka, mwanamume mmoja aliyekuwa kwenye meza ya mlangoni alimwita Wamucii kwa jina, akamwambia ana kibanda cha chai karibu na stendi, na kama anaweza kusimama asubuhi na mapema, aje wazungumze. Wamucii akasema atafikiria. Njiani akaniambia hatafikiria sana.

Sasa Mama.

Nilimpa barua yake Jumatatu baada ya chai. Alivaa miwani akaisoma, akairudia. Akaikunja, akauliza, "Mkono upi?" Nikasema wa kulia. Hakuuliza kingine. Alienda akalala mchana, jambo ambalo sijamwona akifanya tangu Baba afariki.

Siku tatu hakunitajia jambo hilo. Alipika, alifua, aliitika akiitwa. Wamama wa jumuiya walikuja kwa maombi ya rufaa, akawafungulia mlango, akawaambia, "Rufaa haipo. Mwanangu alifanya hilo jambo. Mkitaka kuomba, ombeeni mkono wa yule mtoto wa watu." Wawili waliondoka. Watatu walibaki, wakaomba.

Ijumaa niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa na hayupo. Alirudi jioni na gunia dogo la viazi. Nikamuuliza ametoka wapi, akasema, "Burnt Forest." Nikamuuliza wamezungumza nini na Wamucii. Akasema, "Tumemenya viazi."

Leo baada ya ibada amenituma nikuandikie kwamba Jumamosi tunakuja, sisi wawili. Anasema ana swali moja la kukuuliza, na amekataa kuniambia ni lipi. Nimembembeleza, amekataa kabisa. Kwa hiyo siwezi kukusaidia kujiandaa. Kaa tu upande wa dirisha, na akianza kuuliza, usimkatize.

Dadako,
Apondi